Vijisamaki Nilivyovianika Juani

Rahaleo, Mtwara
Jumamosi mchana

Mwanangu Tunu,

Umetoka tangu asubuhi kwenda kusukwa, na kwa nywele zako zilivyo nyingi najua hutarudi mapema. Nimefunga mlango wa chumba chetu. Begi lako liko hapa kitandani, limeshajaa, nami nimekaa upande unaolala wewe kwa sababu ndiko kwenye mwanga.

Sitakuandikia habari za kupiga mswaki wala kufua soksi. Hayo nimekuchosha nayo wiki nzima. Babu yako atakupeleka kwa basi kesho alfajiri, atakuvusha kwa boti kutoka Nyamisati, na mama yako atakuwa amesimama ng'ambo, Mafia, anakusubiri, kwa kuwa sasa amepata chumba cha kukaa na wewe. Safari hainitii wasiwasi. Kinachonitia wasiwasi ni swali uliloniuliza juzi, tulipokuwa tunabangua korosho za kumpelekea.

Uliniuliza hukuinua macho. "Mama Mdogo, mama bado amekasirika kwa sababu ya vile vijisamaki?"

Nikakuuliza vijisamaki gani, na huku nilijua vizuri. Halafu nikajifanya utomvu wa ganda umenichoma kidole, nikaenda kunawa. Nilikaa bombani muda mrefu kuliko kidole kilivyohitaji. Niliporudi ulikuwa umeshaanza kuimba, na mimi kama kawaida yangu nikashukuru kwamba sitalazimika kusema kitu.

Barua hii ni jibu la swali hilo. Nitachelewa kufika, unijue hivyo hivyo.

Ulikuja kwetu una miaka mitatu, mimi nina kumi. Mama yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na dada yangu, mama yako, alikuwa amepata kazi ya hoteli Mafia ambako watumishi walikuwa hawaruhusiwi kukaa na watoto. Kwa hiyo tulibaki watatu: baba yangu, mimi na wewe. Huku kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna mtu anayeuliza. Lakini wenzangu shuleni waliona kichekesho. Ulikuwa ukinifuata mpaka getini ukilia, nao wananiita, "Mama Tunu, toka, mwanao hajanyonya." Nilitamani ardhi ipasuke. Nikifika nyumbani, nakubeba mgongoni huku nasonga ugali, na hapo jina hilo nilikuwa nalipenda. Sikuwahi kumwambia mtu.

Unakumbuka pakiti ya kwanza ilivyofika? Babu yako alikuwa amestaafu kazi ya bandarini, na kuvua kwa mshipi ndiyo starehe yake pekee. Wageni wa hoteli ya mama yako wanavua kwa starehe pia, na wakiondoka wanaacha vitu vyao. Mama yako akaokota akatuma kwa mtu wa basi: vijisamaki vya plastiki laini, laini kama sikio, vimetiwa harufu ili samaki avidhanie ni chakula. Babu alipokata ile pakiti harufu ilijaa sebule nzima, kamba mbichi na kitunguu saumu, mpaka majirani wakauliza tunapika nini.

Mzee Chilumba alikuwepo siku hiyo. Yule rafiki wa Babu anayekaa kule mdomoni mwa Ruvuma, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji, na ambaye kwake ndiko Babu anakoacha mtumbwi wake. Alikishika kimoja kwa mkia, akakigeuzageuza, akasema, "Gervas, wewe mtu wa bara utatuua kwa kucheka. Samaki wa Ruvuma umdanganye na kandambili?" Babu akakirudisha kwenye pakiti. Juma lile lile alirudi na kolekole ambaye mkia wake ulitokeza nje ya ndoo, na tukasikia kwamba Mzee Chilumba alimwomba kwa sauti ya chini, kama anaomba dawa ya aibu, ampe kandambili moja.

Juu ya kila pakiti mama yako aliandika kwa kalamu: *Kwa Baba. Tunu usile.*

Ulijifunza kusoma jina lako hapo, kabla ya darasa la kwanza. Babu alizitunza kwenye mtoto wa meza, na wewe ulikuwa unakwenda kuzifungua kwa siri, unaingiza pua, unavuta pumzi ndefu, halafu unafunga. Nilikukuta mara ya kwanza nikadhani unaiba. Ukanieleza kwa utulivu kabisa, "Inanukia mama."

Nilikueleza kwamba mama yako hanuki kamba. Ukaniambia wewe hujui.

Tunu, sasa nakaribia. Nimesimama kidogo hapa, nimekunja upya gauni lako la njano ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Ni miaka miwili sasa. Ulikuwa na miaka tisa. Ilikuwa likizo ya Juni, na Babu alikuwa amekuahidi kwamba Jumamosi atakupeleka mdomoni mwa Ruvuma kwa mara ya kwanza, ukaone mahali ambapo maji ya mto, yale ya rangi ya chai ya maziwa, yanaingia baharini na kukataa kuchanganyika. Ulikuwa umeshachagua kofia. Babu akaenda Ziwani kwa siku tatu kusafisha shamba la mikorosho, nami nikaamua kufanya usafi. Nilipovuta ule mtoto wa meza nikakuta pakiti moja imevuja. Majimaji yenye harufu yameloweka karatasi zote.

Mimi najua samaki. Mama alinifundisha kabla hajafa: kitu cha baharini ukikiacha na maji yake kitaoza, pasua, osha, tia chumvi, anika. Ndivyo tunavyotunza samaki huku, na ng'onda wangu hawajawahi kutoa funza. Basi nikazifungua pakiti zote saba. Nikamwaga majimaji yake nyuma ya jiko. Nikaviosha vijisamaki kwa sabuni ya kufulia, nikavisuuza, nikavinyunyizia chumvi, nikavipanga kwenye ungo, nikauweka juu ya bati la jiko. Pakiti nikazitupa shimoni. Hata kunguru alikuja, akaonja kimoja, akakitema. Hilo lingenitosha kuelewa, ila sikuelewa.

Kesho yake, vile vyeupe vilivyokuwa vinaogelea kwenye majimaji vilikuwa vimesinyaa na kukauka kama bamia ya kale. Ukikigonga mezani kinalia. Vile vya kijani na vyekundu vyenye kumetameta havikukauka, vilirojoka. Wekundu ulihamia kwenye kijani, mikia ikashikana. Nikaogopa, nikavitia vyote pamoja kwenye kontena letu la plastiki la chakula, nikafunika, nikategemea vitapoa. Babu aliporudi, chini ya lile kontena kulikuwa kumelainika na kunata kama ubani uliotafunwa. Vijisamaki vilikuwa vimelila kontena, na vyenyewe vimekuwa bonge moja lisilo na rangi inayoeleweka.

Ulikuwa unafua pale nje. Babu alikuita, ukaja na mapovu mikononi. Hakukufokea. Alikuonyesha lile bonge akauliza kama ulifungua pakiti tena.

Ukajibu, "Nilifungua, Babu. Labda sikuzifunga vizuri."

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi. Unanijua. Shuleni mwalimu akiuliza swali, na jibu ninalo, mkono wangu unakuwa mzito kama umefungwa jiwe, na mwingine anajibu, na nafsi yangu inapumua. Siku ile ilikuwa vile vile. Nilisubiri mwingine ajibu. Ukajibu wewe.

Babu akasema, "Basi Jumamosi utabaki nyumbani." Akaongeza kwamba kitu alichotuma mama yako kwa upendo hakichezewi. Neno hilo ndilo lililokuingia, nilikuona.

Jioni ulikwenda shimoni na kijiti, ukachokoa mpaka ukaipata pakiti moja. Ukaisuuza, ukaikausha kwa gauni lako, ukaiweka ndani ya Biblia yako ya picha. Halafu ukaja kunikumbatia kiunoni, ukasema asante. Nikauliza ya nini. Ukasema uliuona ule ungo juu ya bati, na kwamba asante kwa kujaribu kuziokoa.

Hiyo asante, Tunu, nimekaa nayo miaka miwili.

Nilijiambia nitamwambia Babu Jumapili. Jumapili alikuwa ana furaha sana, sikutaka kumharibia. Jumapili iliyofuata alikuwa amenuna, nikaogopa. Ikawa hivyo. Jumamosi moja uliyobaki nyumbani ikazaa nyingine, Babu akazoea kwenda peke yake, nawe hukuomba tena. Ile kofia uliivaa kuchezea nyuma ya nyumba mpaka ikakubana.

Ulimwambia mama yako kwenye simu kwamba umeziharibu na unaomba msamaha. Alicheka, akasema atatuma nyingine. Hazikuja. Wewe ukadhani amekasirika. Sababu yenyewe nilikuwa naijua tangu mwezi ule: msimamizi wao aliwakataza kuokota vitu vya wageni. Dada aliniambia mwenyewe. Sikukuambia, kwa sababu nikikuambia hilo, tungeanza kuzungumza habari za vijisamaki, na nilikuwa sitaki zizungumzwe ndani ya nyumba hii.

Mpaka hapa ungeweza kusema, Mama Mdogo alikosea tu, alidhani ni ng'onda. Ningependa uishie hapo. Lakini kuna jambo moja lililobaki.

Niliviosha mara mbili. Mara ya kwanza niliosha kwa sababu ya uvundo. Nilipomaliza nikakinusa kimoja, na ile harufu bado ilikuwepo, kamba na kitunguu saumu. Nikakumbuka Aprili ulipokuwa na malaria. Nililala chini kando yako siku nne, nakukanda kwa kitambaa, nakunywesha uji kwa kijiko, nawe ulipopata nguvu ya kusema neno la kwanza uliomba uletewe pakiti ya chambo uiweke kwenye mto. Nilikuletea. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikwenda kulia nyuma ya tangi la maji kwa sababu ya kijisamaki cha plastiki.

Basi mara ya pili sikuwa naosha uchafu. Nilisugua nikitaka harufu ile itoke.

Sasa umejua. 

Hukuharibu kitu. Pakiti ulizokuwa unazifungua ulikuwa unazifunga vizuri kuliko Babu. Iliyovuja ilikuwa imetoboka kwa ndoana, niliona tundu. Mama yako hana kinyongo na wewe, hajawahi kuwa nacho. Ukimwona kule gatini usianze na pole. Anza na korosho.

Juzi usiku niliiazima ile pakiti yako uliyoiokota shimoni, nikakaa na kamusi, nikasoma yale maandishi madogo ya nyuma. Ndiyo kazi niliyopaswa kufanya kwanza. Nakuandikia niliyoyapata, kwa sababu huko uendako utaviona hivi vitu kila siku, na pengine mama yako atakuruhusu uvue.

Vile vyeupe vinaishi ndani ya majimaji yake. Vikitoka vikakaa nje hata mchana mmoja vinakufa kwa namna yao, na huwezi kuvirudisha; nilijaribu kuviloweka, havikurudi. Ukitoa kimoja, toa hewa kwenye pakiti, funga mpaka usikie ule mdomo wake unalia, na uisimamishe wima. Vile laini vya mafuta, vya kijani na vyekundu, vilaze vimenyooka, kwa sababu kikilala kimepinda kitabaki kimepinda. Kila aina na kila rangi ikae kwenye pakiti yake iliyokuja nayo. Usivitie kwenye kontena la chakula, umeshaona. Usiviache juani wala ndani ya gari, wala karibu na jiko.

Unapovivalisha ndoana, pima kwanza kwa jicho itatokea wapi mgongoni, halafu uipitishe katikati. Ikitoka pembeni kitazunguka majini kama kipepeo mlevi, na samaki si mjinga kiasi hicho, ingawa Babu anasema wapo. Mikono yako isinuke sabuni wala mafuta ya taa. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu na kamusi yangu, mimi niliyetumia sabuni ya kufulia. Na kilichokatika usikitupe baharini. Samaki atakimeza na hatakisaga tumboni. Rudi nacho nyumbani.

Mwezi uliopita mama yako alituma pakiti moja, ya kwanza tangu wakati ule. Mgeni mmoja alimpa mkononi, kwa hiyo haikuwa kosa. Imeandikwa yale yale, ingawa siku hizi una miaka kumi na moja na huwezi kula plastiki. Babu aliiweka juu ya kabati. Mimi nikaihamishia kwenye mtoto wa meza, kwenye kivuli, imesimama wima.

Leo asubuhi, ulipotoka tu, nilimkuta Babu uani anakagua ndoana zake. Nilikuwa nimejifunza sentensi yangu tangu jana, kama mtu anayekwenda kusoma somo la pili kanisani. Nikaanza nayo, ikakatika katikati, nikaimalizia vibaya. Nilimwambia kuhusu ungo, na sabuni, na mlango wa jiko. Habari ya kuosha mara ya pili sikumwambia, hiyo ni yako peke yako.

Mikono yake Babu iliendelea na ndoana ile ile, anaifuta, anaifuta, mpaka nikaogopa atajichoma.

"Kwa hiyo mtoto nilimwonea," akasema.

Nikasema ni mimi niliyemwonea. Akasema, "Mimi ndiye nilikuwa hakimu. Sikuuliza hata shahidi." Halafu akauliza kama wewe unajua. Nikamwambia nitakuandikia barua nzuri, niifiche kwenye begi, uisome ukiwa njiani.

Babu akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Rehema, alikujibia kwa mdomo wake. Na wewe mdomo unao."

Kisha akaingia ndani akavuta ule mtoto wa meza, nikasikia ile pakiti inafunguliwa na kufungwa. Akatoka amevaa kofia. Ameniambia nikuandae ukirudi, tunakwenda Mikindani sote watatu, tukatupe mshipi kutoka ufukweni kabla jua halijazama. Nikamuuliza kwa nini si Ruvuma. Akasema Ruvuma ni mbali, haiwezekani kwa leo.

Ndiyo, haiwezekani kwa leo. Miaka miwili iliwezekana kila Jumamosi. Utaondoka Mtwara hujauona ule mstari wa maji, na mimi ndiye niliyekunyima. Babu anasema utakuja likizo, na atakupeleka. Najua atakupeleka. Lakini utakuja mgeni, una viatu vya kigeni, unapiga hodi kwenye mlango ambao sasa unauingia kwa kuusukuma na nyonga. Na mimi matokeo ya kidato cha nne yakitoka, sijui nitakuwa wapi.

Nimekuwa nikiwaza nitakachokifanya Jumatatu. Nitaamka nitie maji ya kuoga ndoo mbili, kwa mazoea. Nitauliza "Umeshavaa?" na hakutakuwa na mtu. Mama yako aliishi hivyo miaka minane. Mimi nilikuwa nadhani yeye ndiye aliyepumzika.

Kama mama yako atakupenda kwa namna usiyoizoea, kama atakukumbatia sana au atanyamaza sana, mpe muda. Naye amekuwa akinusa kitu chako huko, sijui ni nini. Muulize.

Pakiti ile ya shimoni, yenye jina lako, nilipoiazima sikuirudisha kwenye Biblia. Uliitafuta jana nikakuona, hukusema. Nilitaka kukuomba nibaki nayo. Nimeinusa sasa hivi. Haina kamba wala kitunguu saumu tena, ina karatasi za Biblia, na mafuta yako ya nazi. Imenukia wewe. Basi nimekuelewa, mwanangu, nimekuelewa kwa kuchelewa.

Nitairudisha. Kila kitu kikae kwenye pakiti yake.

Nasikia Babu anaongea na mtu nje, na huyo mtu anacheka, ni wewe. Umerudi mapema. Nakunja karatasi. Nitakuita humu ndani kabla ya Mikindani, na utaniona nimesimama mlangoni kama siku ile, ila leo nitasema, yote, hata ile ya mara ya pili. Kama nikishindwa, barua hii naichana, sitaiweka kwenye begi isemee badala yangu.

Kwa hiyo ukiikuta kesho chini ya gauni la njano, ndani ya Biblia, pamoja na pakiti yako, ujue nilikwambia kwa mdomo wangu kwanza.

Mama yako mdogo,
Rehema